Maneno ya Watu Katika Insha ya Binti Yetu



Wapenzi wasomaji, wiki hii tumeletewa swali na mama mmoja mkaazi wa Kawangware hapa Nairobi, ambaye asili yake ni Pwani. Binti yake mkubwa yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha jijini, asomea elimu ya uchumi. Alitakiwa kuandika insha juu ya maendeleo ya sehemu mbalimbali za Kenya tangu uhuru, na kikomo alichowekewa ni maneno 2,000. Insha ikarudi haina alama. Juu yake mhadhiri ameandika mambo mawili: kwamba sehemu kubwa ya maneno si ya mwanafunzi, na kwamba pale alipotarajia kuisoma rai ya mwanafunzi hakuona kitu. Amepewa majuma mawili aiandike upya. Asipofanya hivyo, somo zima atalirudia mwakani, kwa karo nyingine.

Mama huyo ana maswali mawili. La kwanza, je, alilolifanya bintiye ni wizi? Baba yake amekwisha kuliita hivyo, na amesema hatoi karo ya kumsomesha mwizi. La pili, yeye mama alikomea darasa la saba, na Kiingereza cha chuo kikuu hakijui. Je, yako analoweza kumsaidia mwanawe, au akae kando atazame?

Twaona maswali haya si ya nyumba moja. Tunakutana na vijana wengi baada ya sala ya Alasiri katika Msikiti wa Jamia, wengine wakitoka madarasani University Way, wengine wakishuka matatu kutoka Lower Kabete, Uthiru na Kangemi. Wengi wao wana mzigo huu huu: wamesoma vitabu, wamekusanya maneno ya wakubwa, kisha hawajui wayafanye nini ndani ya kurasa chache walizopewa. Basi tutayajibu maswali yote mawili, na la pili tutalirefusha zaidi, kwani ndilo litakaloondoa uzito wa la kwanza.

Je, ni wizi?

Baba wa binti huyu ana ghera, na ghera juu ya uaminifu ni jambo jema. Lakini hukumu hutanguliwa na uchunguzi. Tuliiomba insha yenyewe, tukaisoma pamoja na kijana mmoja anayesomesha uchumi, kisha tukamwita binti naye atueleze alivyoiandika.

Tulichokikuta ni hiki. Vitabu vyote alivyovitumia amevitaja mwishoni, kimoja kimoja, hakuficha hata kimoja. Lakini ndani ya insha mna vifungu vinne vilivyochukuliwa neno kwa neno bila alama za mtajo, na bila jina la mwenyewe pale pale. Tena mna nukuu kumi na moja zenye alama, nyingine ndefu kuliko maelezo yake yeye. Na likaja jambo la tatu, nalo ndilo lililotushughulisha zaidi. Insha yake ya kwanza ilikuwa na maneno 2,900. Ilimbidi apunguze 900. Akakata nini? Akakata hitimisho lake, na akakata fungu alilokuwa amelieleza kwa kalamu yake mwenyewe, jinsi uhaba wa maji unavyoila pesa na siku ya bibi yake kule Kilifi. Nukuu zote akaziacha. Tulipomuuliza kwa nini, alijibu kwa adabu kwamba yale ni maneno ya wataalamu, na yeye ni nani?

Kwa hivyo jawabu letu kwa baba ni kwamba mwizi huficha, na bintiyo hakuficha. Hata hivyo amana imepunguka, na yafaa tueleze imepungukaje. Chukua mfano wa muuza duka aliyepokea mchele wa watu wawili, akauchanganya katika gunia moja pamoja na wake, kisha nje ya gunia akaandika majina yote. Hakumkana mtu. Lakini mnunuzi akitia mkono ndani, hawezi kujua punje hii ni ya nani. Orodha ya vitabu mwishoni ni yale majina ya nje ya gunia. Alama za mtajo na jina la mwandishi palipo na maneno yake ndizo zinazotenga punje na punje.

Jambo hili halikuletwa kwetu na vyuo vikuu vya leo. Sisi tuliokulia madrasa tumelelewa juu ya isnadi: habari haipokewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani. Na wengi wenu mmesoma utotoni Arbaini ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Kitazameni kitabu kile kwa jicho la mwanafunzi wa leo. Imam alijiwekea kikomo cha hadithi arubaini, na zilizomo ni 42, maana yake ni kwamba alizidisha kidogo tu. Akaziondoa zile silsila ndefu za wapokezi ili iwe wepesi kuhifadhi. Lakini pamoja na ufupi huo, kila hadithi amemtaja sahaba aliyeipokea, na mwishoni ametaja ni Imam gani aliyeiandika kitabuni mwake. Amefupisha njia, wala hakumpoteza mwenye neno. Mwanafunzi anayeandika jina la mwandishi, mwaka na ukurasa ndani ya mabano anafanya kazi ya namna hiyo hiyo.

Kikomo ni mizani

Vijana hulalamika kwamba kikomo cha maneno ni adha ya wahadhiri. Watu wa Pwani hatuna udhuru wa kusema hivyo. Malenga wetu hupewa mizani kumi na sita katika mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, mishororo minne, na vina juu yake. Mtunzi wa utenzi hupewa nane tu kwa mshororo. Ndani ya nafasi hiyo wameonya, wamesuluhisha magomvi, wameombeleza wafu wao. Hatujapata kumsikia malenga akisema kwamba lau angeongezwa mizani nne angesema la maana.

Na kwa mwanafunzi wa uchumi jambo hili lina uzito zaidi, kwani kikomo ndilo somo lake la kwanza. Elimu ya uchumi huanzia kwenye uhaba: mahitaji ya watu hayana mwisho, na vya kuyakidhi vina mwisho. Basi hapana budi kuchagua, na kila ulichokichagua gharama yake ni kile ulichokiacha. Mama anayegawa pesa za juma baina ya unga, mafuta na nauli ya watoto anaijua elimu hii bila kitabu. Maneno 2,000 ni pesa za juma. Nukuu moja ya maneno 120 imekula zaidi ya sehemu moja katika ishirini ya insha nzima, na aliyeiweka ameitolea kitu kingine. Binti yetu aliitolea hitimisho.

Wachumi wana swali jingine zuri: kipimo cha mwisho ulichokiongeza kimekuletea nini? Kijiko cha kwanza cha sukari huifanya chai inyweke, cha pili huikoleza, cha tano huiharibu. Nukuu ya kwanza juu ya hoja moja huipa nguvu. Ya pili, ikiwa imetoka upande mwingine, yaweza kufaa. Ya tatu yenye maana ile ile haiongezi kitu ila hesabu ya maneno.

Kwa hivyo bajeti ya insha hupangwa kabla ya kuandika, kama ya nyumba. Kwa maneno 2,000 twashauri hivi: 200 ya utangulizi, hoja tatu za maneno 500 kila moja, na 300 ya hitimisho. Maneno ya watu wengine, yote yakijumlishwa, yasipite 150. Hiki ni kipimo cha mkono tu, si kanuni ya chuo chochote, lakini chamlinda mwandishi asije akawa mgeni katika insha yake mwenyewe.

Kanuni za vyuo, kwa upande wao, hutofautiana, na mwongozo wa idara ndio kauli ya mwisho. Aghalabu nukuu zilizo ndani ya insha huhesabiwa, na orodha ya marejeleo mwishoni haihesabiwi. Wako wanaoruhusu kuzidi au kupungua kwa asilimia kumi, na wako wasiosamehe hata neno moja. Mwanafunzi aulize mapema, asingoje usiku wa mwisho.

Na ikiwa insha imekwisha kuandikwa na imezidi, basi kukata kuna mpangilio. Kwanza ziondoke nukuu zinazosema jambo lililokwisha kusemwa. Pili zigeuzwe zile zinazotoa habari tu: mwanafunzi anayenukuu mistari minne ya ripoti ya Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, kwa ajili ya tarakimu moja, aiandike tarakimu hiyo, mwaka wake na jina la ripoti, maneno kumi na tano yamtosha badala ya sitini. Tatu yaondoke maneno ya kuzunguka, yale ya kuahidi kwamba jambo fulani litajadiliwa. Nne yapunguzwe maelezo yake yeye yaliyojirudia. Rai yake ndiyo ya mwisho kuguswa, kama mbegu ambayo mkulima haili ijapokuwa ana njaa.

Nukuu ni shahidi

Sasa tuulize: nukuu huitwa lini? Tuifananishe na shahidi mbele ya kadhi. Shahidi huitwa kwa jambo maalumu, husema analolijua, kisha hushuka. Hasimamii kesi nzima. Mwenye madai ndiye anayemtambulisha kabla hajasema, na ndiye anayeeleza, baada ya kusema, ushahidi ule umethibitisha nini. Nukuu yoyote isiyotanguliwa na utambulisho, na isiyofuatwa na maelezo ya mwandishi, ni shahidi aliyeingia mahakamani peke yake akaanza kuhutubia.

Katika insha za uchumi mashahidi wa neno kwa neno ni wachache, kwa sababu elimu hii hutegemea zaidi takwimu na mantiki. Twaona mahali pa kuwaita ni patatu. Mahali pa kwanza ni pale ambapo kila neno ni hukumu, kama maneno ya Katiba au sheria. Pa pili ni istilahi au fasili iliyobuniwa na mtu maalumu. Pa tatu ni pale ambapo maneno yenyewe ndiyo yanayogombaniwa. Kwingineko kote, mwanafunzi aeleze kwa maneno yake na amtaje aliyempa fikra hiyo.

Na akinukuu, asinukuu nusu. Hapa ndipo hatari ilipo, kwa sababu kikomo cha maneno humshawishi mtu achukue kipande kinachomfaa na kuacha kilichobaki. Adam Smith ametajwa dunia nzima kwa ajili ya mkono wake usioonekana, ilhali katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1776, Utajiri wa Mataifa, msemo huo umekuja mara moja tu. Ibn Khaldun, mwanachuoni wa Tunis, alieleza katika Muqaddima yake ya mwaka 1377 kwamba dola changa hutoza kodi ndogo ikapata mapato makubwa, na dola iliyozeeka hutoza kodi kubwa ikapata mapato madogo. Mwaka 1981 Ronald Reagan, rais wa Marekani, alimtaja kwa jambo hilo mbele ya waandishi wa habari ili kuitetea sera yake ya kupunguza kodi. Alimtaja mwenyewe kwa jina, na hilo ni adabu. Lakini milango michache baadaye Ibn Khaldun huyo huyo anaeleza kwamba mtawala akizuia mali asiitumie, biashara huzorota na kodi nayo hupungua, kwa sababu dola ndiyo soko kubwa kuliko yote. Aliyesoma mlango mmoja atamfanya Ibn Khaldun kuwa wakili wa upande mmoja. Aliyesoma yote miwili atamkuta ni mwanachuoni.

Mfano wa karibu zaidi ulikuwamo ndani ya insha ya binti yetu. Alinukuu, kama wanavyonukuu wengi, ibara ya 133 ya waraka wa serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 juu ya Ujamaa wa Kiafrika, ulioandaliwa wakati Tom Mboya akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi. Ibara hiyo yasema kwamba ili uchumi wa nchi ukue upesi, fedha za maendeleo zipelekwe mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Watu wa Pwani na wa Kaskazini wameyasoma maneno hayo kwa uchungu kwa miaka mingi, na haki yao. Binti akayaweka katika insha, akaishia hapo, akaingia kwenye nukuu nyingine.

Tukamwomba aufungue waraka na asome mpaka mwisho wa ibara. Kumbe inaendelea kusema kwamba nchi ikishapata faida kutoka kule kunakozaa, itakuwa na uwezo wa kuzisaidia sehemu nyingine kwa ruzuku na mikopo nafuu. Na ibara inayofuata yasema makusudio ya maendeleo ni watu, si ardhi, na inataja elimu na afya. Binti akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Basi ruzuku hiyo ilitolewa?"

Wasomaji wapenzi, swali hilo ndilo insha yenyewe. Hakuna kitabu kilichomwandikia. Limezaliwa pale alipoacha kuokota maneno na kuanza kuyasoma. Sasa anaweza kuupima waraka wa 1965 kwa ahadi yake wenyewe. Anaweza kwenda kwenye kifungu cha 204 cha Katiba ya mwaka 2010, kilichoanzisha Hazina ya Usawazishaji na kuitengea nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka, ili maji, barabara, afya na umeme vifike katika sehemu zilizoachwa nyuma. Baina ya 1965 na 2010 ni miaka 45. Katika muda huo alitafute jawabu lake, na hapo maji ya bibi yake kule Kilifi yatakuwa na mahali pa kukaa ndani ya insha.

Na asiseme yeye ni nani mbele ya waraka wa serikali. Mwaka ule ule wa 1965 mchumi mmoja Mkenya, Barack Obama, baba wa aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliandika makala katika jarida la East Africa Journal akiuchambua waraka huo na kuukosoa. Hakuurudia, aliujibu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hatakiwi ajibu kwa kina kile, lakini atakiwa ajibu.

Kazi ya mama

Tumefika kwenye swali la pili. Mama aliyekomea darasa la saba anaweza kumsaidia mwanawe katika insha ya uchumi ya chuo kikuu, na katika jambo moja anaweza kumshinda mhadhiri.

Ugonjwa wa kunakili huingia hivi: kijana ana kitabu wazi mbele yake, kitabu ni cha Kiingereza, na yeye anaandika kwa Kiingereza. Maneno ya mwandishi ni mazuri kuliko yake, basi hubadilisha mawili matatu na kuyahamisha. Kubadilisha neno moja moja si kusema kwa maneno yako. Ukimvua mtu kanzu ukamvika shati, mtu ni yule yule.

Dawa yake ni lugha yetu. Binti asome ukurasa, aufunge, aje jikoni au ukumbini, amweleze mama kwa Kiswahili alichokisema mwandishi. Kitabu kibaki chumbani. Sentensi ya Kiingereza haiwezi kunakiliwa kwa Kiswahili. Itambidi aelewe kwanza. Akikwama, si lugha iliyomkwamisha, ni kwamba hajaelewa bado, na arudi akasome tena. Akiweza kueleza mpaka mama naye akaelewa, basi aketi wakati ule ule aandike kwa Kiingereza yale aliyoyasema kwa mdomo wake. Hayo sasa ni maneno yake. Mwisho akifungue kitabu ahakikishe hakumzulia mwandishi, kisha aandike jina lake, mwaka na ukurasa. Maneno yamekuwa yake, lakini fikra bado ni ya mwenyewe, na haki yake ni kutajwa.

Mama naye hatakiwi kujua uchumi. Atakiwa kuuliza maswali matatu: Nani kasema? Ana ushahidi gani? Na wewe waonaje? Swali la tatu ndilo lililokosa jawabu katika insha iliyorudi. Msichana aliyelelewa asiingilie maneno ya wakubwa huhitaji kuulizwa hivyo na mkubwa wake, zaidi ya mara moja, ndipo aamini kwamba rai yake inatakiwa kweli. Heshima kwa wanavyuoni ni kuwanukuu kwa ukweli na kuwafahamu, kisha kusema ulichokifahamu. Kunyamaza nyuma ya maneno yao hakuwaongezei utukufu.

Jambo hili lina haraka kuliko wazazi wanavyodhani, kwa sababu kijana aliyekwama na kikomo, na siku zikamwishia, ana mlango mwingine ulio wazi karibu naye. Hapa Nairobi wako vijana wenye shahada zao, wakakosa kazi, wanaoishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Ulaya na Marekani kwa malipo. Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, amewafuatilia katika filamu iliyotoka mwaka 2024. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya kuwauzia wanafunzi kazi hizo nchini England kuwa kosa la jinai. Na sasa kuna programu za akili bandia zinazoandika insha kwa dakika chache. Binti yetu hakuupita mlango huo. Aliandika mwenyewe, kwa tabu, vitabu vyote akavitaja. Anayeambiwa ni mwizi ilhali hakuiba, huenda siku ya pili akaona uaminifu haukumfaidia kitu. Ndiyo maana twamsihi baba ayatumie majuma haya mawili kuisikiliza insha mpya ikielezwa ukumbini, na neno lile la wizi aliondoe kwa ulimi wake mwenyewe. Karo anayoilipa hainunui karatasi ya shahada peke yake. Yanunua mtu atakayeweza kusimama mbele ya watu akasema, hili amesema fulani, na hili nasema mimi.

Na kwa nyumba nyingine zote, za Kawangware na Kangemi, za Kileleshwa na Lavington, na kwenu mlioko Mombasa, Malindi na Lamu ambao watoto wenu wako huku bara masomoni, msingoje insha irudi bila alama. Mtoto akipiga simu mwisho wa juma, baada ya kumuuliza amekula nini, muulizeni amesoma nini, na mumwache aeleze kwa Kiswahili mpaka amalize.

Wabillahi tawfiiq.